Mkalimani wa Kigongo

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kijita niliyehamishiwa Butimba bila kumjua mtu. Kanisa ndilo lililonipa ndugu. Lilikuwa na bati jipya juu na kuta ambazo hazijafika madirishani, na upepo wa ziwa ulituimbia hata tuliponyamaza.

Jumapili moja baada ya ibada mchungaji aliniita pembeni. Alisema wanachuo wa ualimu wanakuja, wanakaa mabenchi ya nyuma, na kabla ya baraka wameshaondoka.

"Mwalimu, hawa vijana wanahitaji Neno?"

"Wanahitaji, mchungaji."

"Basi wapikie kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata nikasonga ugali na kukaanga sato, mama mwenye nyumba akaniazima masufuria. Walikuja wasichana wawili tu, wakala kwa aibu. Lakini walirudi na wenzao, na wenzao wakaleta wengine, mpaka chumba changu cha kupanga kikatushinda tukahamia uani kwenye mikeka. Miaka ile kila mtu alikuwa na la kusema: vyama vingi, soko huria, viwanda vya minofu ya samaki, mitumba iliyojaa mjini. Mazungumzo hayo yaliingia kwenye Biblia na kutoka tena, watu wakibishana mdomo umejaa ugali. Jumatatu nilikuwa naingia darasani sauti imekauka, na bado natamani kesho iwe Jumapili.

Kati yao alikuwepo kijana mrefu kutoka Kwimba, mpiga gitaa wa chuo. Siku ya kwanza alininyooshea maelezo.

"Dada, nisikudanganye. Mimi nimefuata sato."

"Karibu. Sato yupo."

"Na mkianza kuomba je?"

"Wewe endelea kula."

Akaendelea kula. Ikawa ndiyo desturi yake: sisi tumefumba macho, yeye anachambua miiba. Ila hakukosa hata mara moja. Wakati mwingine tulikutana njiani katikati ya wiki, akaniuliza swali juu ya jambo ambalo mimi niliyelisema nilikuwa nimeshalisahau.

Kabla ya likizo, kanisa lilipanga safari ya Jumamosi. Wanachuo na kwaya wangevuka ziwa pale Kigongo, wakafanye mkutano katika kijiji kimoja mbele ya Busisi. Mpiga gitaa wa kwaya akapatwa na malaria. Wasichana wakamfuata yule kijana.

"Kupiga nitapiga," alisema. "Kuhubiri msiniambie."

Tuliondoka na pikapu, tumesimama nyuma tunaimba, vumbi linaingia hadi kooni. Tulipofika Kigongo wimbo ukakatika. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapanda juu ya gati, na nahodha wa pantoni amesema haendi popote mpaka upepo utulie. Madereva walikuwa wamelala kivulini mwa malori yao. Akina mama walikuwa wamekalia matenga na magunia. Mchungaji alitazama ng'ambo, kule tulikokuwa tunasubiriwa, nikaona mabega yake yameshuka.

Msichana mmoja wa chuo, mdogo wa umbo lakini sauti yake ilizidi ya wote, akamgeukia.

"Mchungaji, kwani hawa hapa si watu?"

Hakungoja jibu. Akaanzisha wimbo, gitaa likadakia, na sisi wengine tukaitikia. Madereva wakaamka. Wauza samaki wakasogea. Muda si mrefu tulikuwa tumezungukwa, na mchungaji akapanda juu ya jiwe akaanza kuhubiri.

Bibi mmoja aliyekalia gunia akasema jambo kwa Kisukuma, watu wakaangua kicheko.

"Anasemaje?" mchungaji aliuliza.

"Anasema anasikia kelele tu," kijana wetu alijibu. "Anataka mtu amwelezee kwa lugha yake."

Sote tukamtazama yeye. Akatikisa kichwa. Bibi akamnyooshea kidole, safari hii kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Wewe mjukuu wangu. Wewe si wa kwetu?"

Bibi hakataliwi. Akasukuma gitaa mgongoni, akasimama karibu na jiwe.

Mchungaji alisimulia habari ya yule mwana aliyechukua urithi wake na kwenda kuuponda mbali. Kisukuma sikijui, lakini nilikuwa na macho. Sentensi fupi ya mchungaji ilitoka kwa kijana ikiwa ndefu, ina ng'ombe ndani yake, ina njaa, ina nguruwe ambao aliwaigiza mpaka watu wakashika mbavu. Walipofika pale baba anapomwona mwanawe kwa mbali na kumkimbilia, wazee wakapinga. Mzee mzima akimbie?

"Alikimbia!" kijana aliwajibu, na yeye mwenyewe akakimbia. Alikata katikati ya watu, mikono wazi, akamkumbatia dereva mmoja mnene aliyekuwa amesimama na mswaki mdomoni.

Watu walipiga makofi. Yeye akabaki pale pale, amemshika dereva. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ametamka "mwanangu amerudi" kwa lugha ya nyumbani kwao, na kwa mara ya kwanza akasikia anaambiwa yeye.

Mchungaji akasema kwa upole, "Anayetaka kurudi kwa Baba leo, ainue mkono."

Kijana akatafsiri. Kisha akainua mkono wake.

Mchungaji alidhani anawaonyesha watu namna ya kufanya. "Waeleze tena," alisema.

"Nimeshawaeleza, mchungaji. Huu ni wangu."

Nilipiga kelele, mimi mwalimu wa watu! Wasichana walirukaruka mchangani. Bibi akainua mkono kutoka juu ya gunia, na dereva naye akainua ule wenye mswaki. Mchungaji alishuka kwenye jiwe akilia na kucheka, tukawaombea pale pale.

Upepo ulipotulia na pantoni ikapiga honi, tukakimbia wote, na gitaa likalia mpaka ng'ambo, abiria wakiitikia nyimbo wasizozijua. Kijijini walikuwa bado wanatusubiri. Kijana alitafsiri tena, na hakuna aliyemsukuma.

Alibatizwa ziwani asubuhi moja, chini ya majabali ya Butimba. Chuo kilishuka karibu chote. Mwenzake wa bwenini, Mwislamu wa mjini, alimshikia nguo kavu na taulo. Mchungaji alipomzamisha, kwaya ilikosa subira ikaanza kuimba kabla hajaibuka. Akatoka anatetemeka, maji yanamtiririka puani, rafiki yake akamfunika taulo huku wote wawili wakicheka. Mimi nilitazama chini nikakuta nimesimama ndani ya ziwa, maji magotini, viatu vya kanisani vikiwa bado miguuni.