Malkia wetu wa opera alikataa kubeba beseni: yaliyotukuta kwenye maandalizi hapa Gisenyi

Wakuu, habari za jioni.

Leo sina mada ya siasa wala ya mapenzi. Nina kisa cha opera, na nitakisimulia kama nilivyokiona, bila kukitia chumvi. Atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, aje Gisenyi nimpeleke mwenyewe kwa wahusika.

Kwa wenzangu wasiojua: opera ni mchezo wa jukwaani ambao kila kitu kinaimbwa. Hata mtu akiomba maji ya kunywa, anaimba. Mimi mwanzoni nilicheka, sasa ndiyo ugonjwa wangu.

Kidogo kuhusu mimi. Ni fundi cherehani, shule sikwenda nayo mbali. Wazazi walirudi Rwanda kutoka Karagwe nikiwa mdogo, ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi. Mjini hapa wengi wanaongea kile cha Kongo. Kazi yangu ni sare za shule na mishanana, yale mavazi ya harusi ya kufunga begani, lakini ndoto yangu ni kushona nguo za jukwaani. Mkicheka chekeni tu, nimeshazoea.

Sasa twende kwenye kisa.

Kwaya yetu ina mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Anastase. Mzee anapenda opera kuliko chakula. Alitufundisha moja ya zamani sana ya Kiitaliano, jina lake naliacha maana nikiliandika nitalikosea. Hadithi yake ni nyepesi: malkia, mume wake kakamatwa ng'ambo ya mpaka. Malkia anaenda mwenyewe kumwomba mlinzi wa lango ampishe. Mlinzi anakataa mara mbili. Mara ya tatu analegea, anafungua.

Malkia wetu alikuwa Mama Zawadi. Huyu mama anatoka Cyanzarwe, kila asubuhi anavuka Grande Barrière, lango kubwa la mpaka wetu na Kongo, na beseni la karoti kichwani, anauza Goma, anarudi. Sauti yake wakuu, sijui niieleze vipi. Akianza kuimba, hata wale wanaochezea simu wanaziweka mfukoni.

Mwalimu alitaka mambo yafanyike kama yalivyoandikwa. Taji, gauni refu la kuburuza, askari na mikuki, ngome ya kuchora kwenye mapazia. Akaniagiza gauni. Jamani, usingizi ulikata kwa furaha. Nilipata kitambaa kizito chekundu cha mapazia nikaanza kukata.

Halafu akaja Solange.

Solange ni dada wa makamo yangu, amekulia Ubelgiji, mama yake mtu wa hapa. Aliletwa atusaidie kupanga mchezo. Siku ya kwanza tu akauliza, kwa nini ngome? Mpaka si huu hapa, tunauona kila siku? Akapendekeza lango la malkia liwe Grande Barrière yenyewe. Mlinzi avae kizibao cha kung'aa. Kwaya wawe kina mama wafanyabiashara. Na malkia asiwe malkia tena, awe mama wa karoti, kitenge na kambambili.

Kwaya ikagawanyika kama mashabiki wa timu mbili za mji mmoja. Mwalimu akasema huyo binti anataka kuuza opera kwa kilo, kama karoti. Solange akajibu kwamba ngome za Ulaya hapa hazimgusi mtu moyo.

Mimi, pamoja na gauni langu kubaki nusu, nilimuunga mkono Solange. Niliona ni kitu kipya, ni sisi wenyewe jukwaani. Tulishinda.

Mama Zawadi muda wote huo alikuwa amekaa nyuma, katoka Goma, kachoka. Hakuna aliyemuuliza neno.

Solange akamwomba ajaribu wimbo wa langoni kwa beseni lake mwenyewe. Mama akaweka ngata, akapandisha beseni, akaimba. Alifika katikati, akanyamaza. Akalishusha beseni taratibu, akasema anawahi gari.

Mazoezi yaliyofuata hakuja. Na yaliyofuata tena hakuja.

Hapo ndipo tulipoogopa. Onyesho lilikuwa Jumapili iliyofuata, na katika kwaya nzima hakuna mwingine anayeweza ule wimbo. Bila yeye, hakuna opera. Mwalimu alikuwa haongei na mtu.

Basi mimi na Solange tukapanda Cyanzarwe. Tulimkuta anaosha karoti uani. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akaendelea kuosha. Solange akamuuliza kama tumemkosea.

Mama Zawadi akasema, bila hasira kabisa:

"Mi kila siku niko na beseni ku kichwa. Munaniita niwe malkia, nafurahi, naambia hata watoto. Nafika pale, munanipatia tena beseni yangu."

Solange alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akasema, "Mama, mi niliona ni heshima. Nilitaka watu wakuone."

"Watu wananiona, sha. Toka asubuhi wananiona na beseni. Bon, hawajaniona bila."

Karoti zikagongana kwenye maji.

Kisha akanigeukia mimi. "We fundi. Ile robe iko wapi?"

Nikamwambia gauni liko nusu, liko kwenye cherehani.

"Maliza."

Njiani Solange hakuongea hadi tulipokaribia mjini. Mimi nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anapanga. Akaniambia barrière inabaki, kwaya inabaki na vitenge, lakini malkia anavaa gauni. Na ataingilia nyuma, apite katikati ya watu hadi langoni.

Mwalimu Anastase akasema malkia katikati ya mabeseni ya plastiki ni kichekesho, yeye hasimamii kichekesho. Alikuja kukubali kwa sharti moja: angalau askari mmoja awe na mkuki. Kwa hiyo wakuu, mlinzi wetu alivaa kizibao cha kung'aa na kushika mkuki. Mlinzi mwenyewe ni Eric, kijana wa moto, yaani bodaboda. Alipendeza kwa kweli.

Jumapili ikafika. Tulikuwa uwanja wa wazi jirani na ziwa. Asubuhi mvua ilikuwa imepiga, na mnajua udongo wetu mweusi wa volkano ukilowa. Madimbwi kila mahali. Gauni lenyewe nililishona kwa kufuata picha aliyonipa Mwalimu, pindo linaburuza nyuma kama hatua mbili. Kwenye picha sakafu ni mbao. Hilo sikuliwaza hata kidogo.

Wenzake Mama Zawadi wa barrière walikuja wengi, wakakaa nyuma. Walipoona lango jukwaani walicheka, wakaanza kumtania Eric, mmoja akimwita afande, mwingine akimuuliza huo mkuki ni wa kuchomea brochette, mishikaki. Raha tupu.

Halafu malkia akaanza kuimba nyuma yao.

Waligeuka wote. Nikasikia mmoja anauliza kwa sauti ndogo, "Yewe, huyu njo Mama Zawadi?"

Taji kichwani, gauni jekundu, shingo imenyooka. Ile shingo ya miaka mingi ya beseni, wakuu. Hakuna malkia wa Ulaya mwenye shingo ile. Nililengwa na machozi, sioni aibu kusema.

Alipiga hatua chache, akafika kwenye dimbwi la kwanza. Akasimama, bado anaimba. Mbele tope, nyuma pindo. Mimi nikafumba macho.

Nilipofumbua, mama mmoja alikuwa ameshainuka, ameinama, ameinua pindo. Vile vile tunavyofanya hapa kwetu bibi harusi akitolewa nyumbani, shangazi hawezi kuacha nguo yake iguse matope. Akainuka wa pili, wa tatu. Hakuna aliyewapanga. Wakamsindikiza hadi langoni, na walipofika hawakurudi kukaa. Walisimama naye, wameshika gauni, wanamtazama Eric.

Eric alitakiwa akatae mara mbili. Alikataa mara moja, kwa sauti ya chini sana. Akawatazama wale kina mama, akainua mti wa barrière.

Mwalimu ikabidi aruke kurasa nzima. Alikuwa anaongoza kwaya huku anafuta miwani. Solange aliketi chini palepale kwenye majani, mikono mdomoni.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na shughuli karibu na barrière. Nikamwona Mama Zawadi kwenye foleni, beseni la karoti kichwani, kitenge kile kile. Mama aliyekuwa nyuma yake akainama, akashika ncha ya kitenge chake kwa vidole viwili, akaiinua juu kidogo. Foleni nzima ikacheka. Mama Zawadi hakugeuka. Alinyoosha tu shingo, akapita.

Mimi fundi nimejifunza hili: kabla sijamvisha mtu, kwanza namuuliza kila siku anavaa nini, na amechoka na kipi.

Sijui bado nani alikuwa sahihi kati ya Mwalimu na Solange. Wao wenyewe wanabishana hadi leo, ila sasa wanabishana wakinywa chai pamoja.

Ninyi mnaoimba kwaya au kuigiza huko mliko, mngechagua la zamani au la kisasa? Leteni maoni, nayasoma yote nikiwa kwenye cherehani. Na mwenye kitambaa kizito cha mapazia asichokihitaji, asikitupe.