Siku Ng'ombe Alipozuia Maziwa, Nami Nikashindwa Kuzuia Yangu

Aibu yangu naitoa mwanzoni kabisa msije mkaisikia kwa mtu mwingine: mimi ndiye yule mwanamke aliyemmwagia karani wa mifugo maji ya kuoshea kiwele, ndoo nzima, kuanzia magotini kushuka mpaka kwenye viatu vyake vyeusi alivyokuwa amevisugua vikang'aa, mbele ya mzungu wake na mbele ya wanawake wote waliokuja sokoni Nyamira asubuhi ile. Baadaye watu wema walinitetea wakasema nilijikwaa. Nawashukuru, lakini sikujikwaa. Alisema, "Mwanamume havuji," nami nikainama, nikainyanyua ndoo, nikaimwaga mpaka tone la mwisho.

Sasa niwaambie tulifikaje hapo.

Mimi kwetu ni upande wa ziwa. Nilikuja Nyamira kwa sababu ya mume wangu, karani wa posta, na hatujakaa sawasawa, mtoto hajaanza hata kushika shingo, mume akahamishwa Eldoret. Akasema atatuita akipata nyumba. Nyumba gani hiyo isiyopatikana sijui, maana kila barua ilikuwa inaitafuta bado. Basi nikabaki katika chumba cha kupanga nyuma ya duka, mimi na binti yangu Achieng, mahali ambapo Kiswahili watu wanakitumia kwa mgeni na dukani tu, wakishamaliza shida yao wanarudi kwenye Ekegusii chao na wewe unabaki umesimama na kikapu chako. (Huku mama mzazi anaitwa baba. Ilinichukua muda kuacha kugeuka kutafuta wanaume.) Zilipita siku sauti yangu nikaisikia kwa mtoto tu, na mtoto mwenyewe hajui kujibu. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, jambo ambalo wasichana wachache wa wakati wetu walilipata, na elimu yote ile nilikuwa nikiitumia kusoma maandishi ya pakiti ya chumvi.

Mtu pekee aliyekuwa akiketi nami alikuwa Mama Kerubo, jirani, mwenye ng'ombe mwekundu mmoja na mdomo usiochoka. Yeye ndiye aliyemwambia karani wa mifugo kwamba kuna Mjaluo hapa amesoma. Karani alikuwa akitafuta mwanamke wa kuwafundisha akina mama ukamuaji safi, kwa kuwa kituo cha maziwa kilikuwa kinakaribia kufunguliwa. Nitakayemfundisha hatanielewa? Si neno, Mama Kerubo atatafsiri. Nitazunguka masoko, leo hapa, kesho kule, nikizungumza na watu. Nawaapia, mshahara niliusikia kwa sikio moja tu. Hilo la kuzungumza na watu ndilo lililonikosesha usingizi.

Ila kwanza nijaribiwe. Mzungu wa mifugo angekuja kutoka Kisii siku ya soko aone kama naweza, nami ningemkamua yule ng'ombe wa Mama Kerubo.

Karani akaja kunieleza utaratibu. Alikuwa kijana kama mimi, ana kalamu mfukoni na sauti ya mtu mwenye kalamu mfukoni.

"Ndama nimfunge wapi?" nikamuuliza.

"Ndama wa nini?"

"Ng'ombe wa huku hashushi maziwa ndama asipoanza kumnyonya."

Akanitazama, akatabasamu upande mmoja. "Mama, wewe umesoma au hukusoma?"

Hapo ndipo nilipojisaliti. Jibu nilikuwa nalo! Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa ametuchorea ubaoni: ndama akisukuma kiwele, mama akimnusa na kumlamba, habari inakwenda kwenye ubongo, na chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, inadondosha homoni kwenye damu, damu inaipeleka kwenye kiwele, vifuko vya ndani vinajikamua vyenyewe na maziwa yanashuka. Bila hiyo maziwa yamo, lakini utavuta chuchu mpaka vidole vivimbe. Na mnyama akiogopa, tezi nyingine zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni yao ya kukimbia au kupigana, na mlango unafungwa. Ng'ombe haringi, wala si mkaidi. Hana njia ya kujiamrisha. Haya yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na mimi, kwa kiburi cha kuulizwa kama nimesoma, nikajibu neno moja:

"Nimesoma."

"Basi," akasema. "Mambo ya ndama ni ya wasiosoma. Mzungu anataka kuona ng'ombe, ndoo na maji ya moto. Na huyo mtoto pia abaki nyumbani. Kazi ya serikali haibebwi mgongoni."

Nikasema sawa. Nilisema sawa mara mbili, kwa ndama wa Mama Kerubo na kwa mwanangu.

Asubuhi ile Achieng alikuwa amelala fofofo, nikaona nikimwamsha kumnyonyesha nitachelewa, nikamwacha kwa mwenye nyumba wangu, bibi tuliyemwita Omong'ina (ndivyo wanavyowaheshimu akina mama wazee huku), nikavaa koti jeupe aliloniazima karani na kutoka. Sokoni watu wamejaa, wameacha ndizi zao na wimbi, wamefanya duara. Mzungu ameketi kwenye kiti, kofia magotini. Mama Kerubo ameshika kamba, na ng'ombe anageuza kichwa kila mara kutazama njia ya nyumbani, analia kwa ile sauti ya chini ya kuita.

Nikaanza kufundisha. Nilikuwa nikisema sentensi moja, Mama Kerubo anatafsiri tano na watu wanacheka, nikajua anaongeza vyake, lakini kwa kweli nilifurahi. Nilinawa mikono, nikaosha kiwele kwa maji ya moto, nikakipangusa kwa kitambaa safi, nikachuchumaa, nikavuta.

Matone. Nikavuta tena. Matone, halafu hata hayo yakaisha.

"Kamua kwa nguvu," karani akanong'ona nyuma yangu.

"Ana hofu. Anamtaka ndama."

"Kwa nguvu, nimesema!"

Nikavuta kwa nguvu, ng'ombe akarusha teke, ndoo ya maziwa ikabingirika mpaka miguuni pa mzungu ikiwa tupu kabisa, kila mtu akauona weupe wa bati lake. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwa Kiswahili, makusudi nimsikie: "Mwalimu, hebu muombe kwa Kizungu!" Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, ungefanya nini?

Ndipo nikasikia kilio. Katika watu wale wote, mbuzi wale wote, nilikijua kabla sijageuka. Omong'ina alikuwa ameshindwa kumnyamazisha, na kwa kuwa hajui Kiswahili wala habari za kazi za serikali, alifanya jambo la akili: alimleta mtoto kwa mama yake. Achieng aliita tena, na nikahisi ile michomo kama ya sindano kifuani. Nikakunja mikono, nikabana, nikajiambia usithubutu, si sasa, mbele ya watu! Nani ananisikia? Ile punje ya kunde chini ya ubongo haikuwahi kupokea amri ya mtu. Maziwa yakaja. Yakapenya gauni, yakapenya koti, duara mbili zikatokea kwenye ule weupe zikiwa zinapanuka, nami nimesimama pale katikati kama picha ya somo lenyewe.

Halafu bibi mmoja wa mbele akasema, polepole kabisa, "Ng'ombe amekataa, mwalimu amekubali."

Soko likaanguka. Watu walishikana mabega kwa kicheko. Wakasema mengine kwa Ekegusii, wakacheka upya, nikamtazama Mama Kerubo anitafsirie, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatazama chini. Hilo ndilo lililoniuma. Kuchekwa si kitu, nyumbani tulikuwa tunachekana kila siku. Lakini kuchekwa kwa maneno usiyoyajua, huwezi hata kurudisha mzaha ukawa mmoja wao, hapo ndipo unapojua uko peke yako.

Nikamchukua mtoto, nikajifunika kwa kanga ya Omong'ina, nikamnyonyesha nimesimama. Mzungu akavaa kofia, akatembea kwenda kwenye gari lake. Karani akamkimbilia, wakasemezana, akarudi kwangu na uso umefura.

"Umeniaibisha! Nilijua. Kazi hii tutampa mwanamume."

"Nilikuambia habari za ndama."

"Mwanamume havuji," akasema.

Mengine mnayajua. Mtoto mkono wa kushoto, ndoo ya maji yaliyokwisha poa mkono wa kulia, mzungu akitazama kutoka garini.

Tulirudi nyumbani, Mama Kerubo na ng'ombe wake, Omong'ina, mimi na mwanangu aliyeshiba. Uani ndama alifunguliwa, akaja mbio, akapiga kiwele kwa kichwa, na yule mwekundu akamlamba mgongo, akafumba macho nusu, na maziwa yakashuka. Mama Kerubo alimvuta ndama kando, akamkalisha pale mama yake anapoweza kumlamba, akakamua kibuyu kikajaa mpaka povu likatoka shingoni. Waliopaswa kuona hayo hawakuwapo. Nilikaa kwenye kigogo na Achieng amenishika kidole. Mama Kerubo akanimiminia kikombe, akasema, "Mama Achieng, walichosema wale wanawake..." Nikamwambia asinitafsirie. Akakaa nami mpaka nikamaliza kunywa.

Basi mimi nimeapa, mtu akiniuliza tena kama nimesoma, nitamjibu kwa kile nilichokisoma. Kesho yake nilimfunga Achieng mgongoni, nikapanda basi mpaka Kisii, nikaikabidhi barua hii ofisini kwa mkono wangu na kungoja pale dirishani mpaka wakaipiga muhuri:

*Kwa Afisa wa Mifugo, Kisii.*

*Bwana,*

*Yah: Malalamiko juu ya majaribio ya ukamuaji, soko la Nyamira*

*Nalalamika kwamba karani wako aliamuru ndama atengwe na mama yake, kisha akamlaumu mama kwa kukosa maziwa. Nilimwonya. Maziwa ya ng'ombe huyo yalikuwapo na yalitoka yote nyumbani siku hiyo hiyo, mbele ya ndama, bila nguvu.*

*Nalalamika pili kwamba aliamuru mtoto wangu mchanga atengwe nami, kisha akanilaumu mimi kwa kuwa na maziwa. Hayo nayo hutoka kwa sababu ile ile, katika mwili wa ng'ombe na wa mwanamke, na hakuna karani mwenye mamlaka juu yake. Ofisi inayotaka kununua maziwa ingepaswa kujua yanatoka wapi.*

*Naomba nijaribiwe upya, mbele yako, siku yoyote ya soko. Ndama atakuwapo. Mtoto wangu atakuwapo mgongoni. Nayataka hayo yaandikwe kuwa ndiyo utaratibu, kwangu na kwa mwanamke yeyote atakayefuata.*

*Mtafsiri ninaye.*

*Ni mimi,*
*Mama Achieng, Nyamira.*

*Koti jeupe narudisha pamoja na barua hii, limefuliwa. Kuhusu viatu vya karani sina la kueleza; yalikuwa maji safi, nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe.*