Waya Kati ya Mikorosho

Juzi nilipata leseni ya redio ya ridhaa. Lakini kila nikilehemu nyaya zangu hapa Kibaha, moshi wa ile risasi ya kulehemia unanukia kama ubani, nami natamani kujificha.

Kule kijijini Marui, nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akijisomea mtihani wa leseni hiyohiyo, ya kuzungumza na watu wa mbali. Alifunga waya mrefu kati ya mikorosho miwili, akawa anakariri herufi za redio jikoni: "Alfa, Bravo, Charli."

Jirani akaniuliza kisimani, "Mama yako anamwita nani?"

Wenzangu walikuwa wananicheka kwa ajili yake. Nikajibu, "Anaita majini."

Jioni wanawake wakaja na chetezo cha ubani, pamoja na mwalimu wa madrasa, kumsomea dua za kumtoa majini. Walimpenda, ndiyo maana walikuja.

"Nani kawaambia?" mama aliuliza.

"Mwanao."

Alinitazama. Kisha akajitanda kanga, akakaa mkekani. "Basi nisomeeni. Mwanangu si mwongo."

Alifukizwa mpaka akakohoa, akawashukuru, akawapikia chai.

Kesho yake aliushusha ule waya usawa wa kifua. Sare zangu zilianikwa hapo mpaka nikamaliza darasa la saba.