Nadhiri ya Mama na Lifti Iliyokwama

Kazini walimwita Mchungaji kwa utani, na kanisani walimwita Fundi, kwa ule upole wa watu wanaosubiri ubadilike. Majina yote mawili yalimkera. Alipokuwa mchanga aliugua homa hadi madaktari wakakata tamaa, na mama yake akapiga magoti kando ya kitanda cha hospitali akamwahidi Mungu kwamba mtoto akipona atamtumikia madhabahuni. Mtoto akapona. Tangu hapo maisha yake yakawa kitu cha kuazima. Alisoma akisubiri kuitwa, akajifunza kutengeneza lifti akisubiri kuitwa, na hata sanduku la vifaa hakuwahi kununua la kwake, maana mama alishasema kazi yenyewe ni ya kupita.

Sasa huyo mtumishi wa madhabahuni alikuwa na shida moja: kila aliposimamishwa mbele ya waumini, ulimi uliganda. Jasho jembamba likamtoka, na neno la kwanza likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alifunga, akaomba, akaombewa na kuwekewa mikono hadi shingo ikauma. Wapi.

Jumamosi hiyo wazee wa kanisa walimwita ofisini kwao, ghorofa ya sita, wamsikie mara ya mwisho kabla ya kumpeleka chuo cha uchungaji. Akisema ndiyo, basi, habari ya lifti imekwisha. Mama alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, naye akavaa suti iliyombana kwapani. Tangu kupambazuka alikuwa akimwomba Mungu ampe ujasiri wa kusema ndiyo au ujasiri wa kusema hapana, kwa sababu kukaa katikati kulikuwa kunammaliza.

Mama, kwa ajili ya magoti yake, alipanda lifti pamoja na mshonaji mmoja mwenye chumba cha cherehani ghorofa ya tano. Fundi alipita ngazi, apate nafasi ya kuvuta pumzi. Alikuwa amefika ghorofa ya nne aliposikia mshindo, kisha kimya, kisha mwanamke akipiga mayowe ndani ya ukuta.

Lifti hiyo aliijua vizuri, maana kampuni yao ndiyo iliyoihudumia. Alikimbilia mlangoni akabandika sikio.

"Mama?"

"Niko hapa. Taa zimezimika." Sauti ya mama ilitoka juu kidogo ya kichwa chake. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. "Wewe nenda juu, mwanangu. Wazee wanakungoja. Hii kazi waachie mafundi."

"Fundi ni mimi, Mama."

Hapo ndipo alipoona vidole penye ufa wa mlango. Mshonaji alikuwa ameshaufungua mlango wa ndani kwa nguvu, ameinama, na sasa anausukuma mlango wa nje ili ateleze hadi sakafu ya nne. Aliwahi kuona mtu aliyejaribu hivyo hivyo. Chini ya lifti iliyokwama hakuna sakafu, kuna shimo tu linalokwenda hadi chini kabisa, na miguu ikikosea kidogo, mtu hakamatiki.

"Dada, simama hapo hapo," alisema. "Usiteremke."

"Siwezi kupumua! Naufungua huu mlango nitoke!"

"Hewa ipo. Inapita hapo hapo penye vidole vyako, uisikilize. Unaisikia baridi?"

"Naisikia."

"Basi hewa haitaisha. Sasa rudisha mkono ndani. Kaa chini, mgongo ukutani, mbali na mlango. Mama, mshike mkono."

Vidole havikuondoka. Fundi alipiga magoti na suti yake, uso karibu na ule ufa, akaendelea kusema naye polepole. Alimuuliza anashona nini wiki hii. Akajibiwa kwa kwikwi kwamba ni sare za shule. Alimweleza habari za kamba za chuma zinazoishika lifti, na breki iliyojifunga yenyewe kwa kuwa kazi yake ni kujifunga mtu anapokuwa hatarini. Hakudanganya hata neno moja.

"Niombee," mshonaji alisema.

Fundi akaomba. "Bwana, hawa wawili wako mikononi mwako, na mimi pia. Watulize, na mkono wangu usikosee. Amina." Vidole vikaondoka polepole.

Alichukua ufunguo kwa mlinzi wa jengo aliyekuja mbio kwa yale mayowe, akamweka kwenye mlango wa ghorofa ya tano aite lifti ikifika, naye akapanda mbio kwenda chumba cha mashine kule juu ya paa. Ghorofa ya sita alimkuta mwenyekiti wa wazee ametoka mlangoni akitazama saa. "Umechelewa, kijana. Ingia."

"Mama yangu yumo kwenye lifti, Mzee."

"Tumeshapiga simu kwenye kampuni. Watamtuma mtu."

"Mtu mwenyewe amefika," Fundi alisema, akampita.

Alikata umeme. Kazi hii kwa kawaida ni ya watu wawili, mmoja alegeze breki, mwingine azungushe gurudumu la kuipandishia lifti. Akiilegeza kupita kiasi, lifti itakimbia na mama yake ndani. Alilegeza kidogo kwa mkono wa kushoto, akazungusha kwa wa kulia, akafunga, akapumua, akaanza tena. Suti ikachanika kwapani. Alikuwa akiogopa sana, lakini mkono haukukosea. Hatimaye mlinzi akaita kutoka chini kwamba sakafu zimelingana.

Fundi alishuka mbio akaufungua mlango. Mshonaji alitoka akitambaa, akaketi kwenye korido akicheka na kulia kwa pamoja. Mama alitoka nyuma yake, viatu mkononi.

"Twende juu," alisema.

"Siendi, Mama."

"Nilimwahidi Mungu." Sasa ndipo sauti yake ilipotetemeka. "Nitamwambia nini?"

"Miaka yote nimemwomba anifungue ulimi. Leo ameufungua, pale mlangoni. Nimejua kwa nini aliniponya, Mama. Sitaki tena kuishi kama mtu anayengoja zamu."

Mama alikaza uso, na kumwona hivyo kulimuuma Fundi kuliko alivyotarajia. Alivua koti, akainama penye fremu ya mlango. Swichi ya mlango, ndiyo iliyoisimamisha lifti, ilikuwa imelegea, pengine kwa kugongwa na fanicha. Pale palikuwa na giza, akapapasa kutafuta skrubu.

Mwanga ukamjia begani. Mama alikuwa ameomba tochi ya mlinzi.

"Inua kidogo, Mama."

Akainua.

Mwenyekiti alishuka ngazi, uso umekunjamana. "Mama, tumengoja vya kutosha. Huyu anakuja au haji?"

Mama hakuondoa macho kwenye tochi. "Yuko kwenye huduma," alisema. "Nadhiri niliweka mimi, nitakuja kuwaeleza mimi. Akimaliza hapa, nitapanda na lifti."

Mwenyekiti aliitazama lifti, akarudi kwa ngazi.