Filimbi ya Uwanjani

Wakati ule wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, kwenye mtaro tuliolazimishwa kuchimba, tulikuwa mama yangu Ciokaraine, shangazi Kanyua dada ya baba, na mimi, nimembeba Kinoti mtoto wa shangazi mgongoni. Homugadi aliyetusimamia, askari mwenyeji wa serikali ya wazungu, alikuwa M'Ikiara, jirani yetu.

Niliyakumbuka haya juzi wajukuu wakitazama raga kwenye televisheni.

"Refa ametuibia!" Mwenda alifoka.

"Si amepiga filimbi? Imeisha hiyo, enda ulale," dadake Karimi akamcheka.

Siku ile mtaroni udongo mbichi ulinukia. Uwanjani hapo karibu, wazungu wa kambi walikuwa wakigombania mpira mfano wa yai. Mmoja alipopuliza filimbi wote walisimama, hata DC mwenyewe. Nikajua huyo ndiye mkubwa wao.

Na sisi kazi yetu kila siku ilianza kwa filimbi na kuisha kwa filimbi. Basi yule mzungu alipopuliza tena, ndefu, mama aliweka jembe begani akashika njia ya nyumbani.

"Wewe Ciokaraine, nani amekuambia kazi imeisha?"

"Si filimbi imelia?"

M'Ikiara akamwita mkaidi, akamkokota hadi kwenye lori.

Lori lilipoondoka sikulia. Nilimtazama yule mzungu, nikingoja apulize lisimame. Si wote walimtii?

Mama hakurudi.

Kanyua ameshakufa, na Kinoti alikuwa mchanga. Kama kuna mwingine aliyekuwepo, na mimi nimekosea, aniambie. Labda yule mzungu alipuliza, nami sikusikia.