Waksi ya Gari la Kijani

Baba aliendesha gari lile la kijani kwa miaka kumi na minne, na halikuwa lake. Lilikuwa la serikali, gari la kazi lenye turubai nyuma na maandishi meupe mlangoni. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake. Mwishoni mwa miaka ya tisini umri wake wa kustaafu ulifika. Ijumaa moja mkubwa wake alimruhusu alilete nyumbani kwetu Noonkopir, pale Kitengela, alisafishe, na Jumatatu asubuhi alirudishe ofisini Kajiado na kulikabidhi.

Hiyo Jumatatu ndiyo iliyomtia baba wasiwasi. Dereva aliyestaafu kabla yake alisomewa makosa ya gari mbele ya wenzake wote: kioo, mikeka, rangi. Aliambiwa amerudisha chuma chakavu. Mzee wa watu alitoka getini bila kuaga mtu, na baba alikuwa amesimama pale akiona. Gari la baba lilikuwa na injini nzima na breki nzima. Rangi ndiyo iliyokuwa imekufa. Jua la Kajiado na vumbi la barabara ya Illasit vilikuwa vimeifanya nyeupe nyeupe kama ubao uliofutwa vibaya. Ukipitisha kidole juu ya boneti, kidole kilitoka na unga wa kijani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane na kazi niliyoijua ilikuwa moja, kung'arisha magari katika gereji ya kupiga rangi kando ya barabara ya Namanga. Mbele za watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Wateja waliongea na tajiri wangu, mwenye gereji, mimi nikaongea na magari. Lakini katika kazi hiyo sikuwa na shaka hata kidogo.

"Mimi nitalifanya," nikamwambia baba jioni ile.

"Na nini?"

"Dawa ya kusugua, halafu waksi."

"Si mafuta ya taa yako hapo jikoni? Mimi hupangusa na mafuta ya taa na inang'aa."

"Inang'aa mpaka Isinya, baba. Kutoka Isinya vumbi litashika kama unga kwa chapati."

Mama alicheka. Baba hakucheka, lakini aliingiza mkono mfukoni akanipa pesa za kununua.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyetoka magharibi, mwenye sauti ya kusikika mpaka stendi.

"Bubu wangu amekuja! Leo unataka nini?"

"Waksi. Ya gari la kijani."

Akaweka mezani mkebe wa kijani. "Basi chukua ya kijani. Kiatu cheusi unakipaka nyeupe?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka. Niliufungua mkebe, nikapaka kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba, nikatoka nje kwenye jua. Ilikuwa rangi ya sukuma wiki iliyopikwa ikapitiliza. Kijani cha serikali ni kizito, kama jani la mparachichi. Waksi ya namna hiyo ina rangi ndani yake. Inaficha kwa wiki moja, kisha rangi yake inajikusanya kwenye mikwaruzo kama wino, na gari linaonekana limechorwa na mtoto. Nikaurudisha.

Akanipa chupa ya waksi nyeupe, ya maji maji. Hiyo ni rahisi kupaka, na kwenye gari jeupe ningeichukua. Lakini inakaukia katika kila ungio na kando ya kila herufi, na juu ya kijani inaonekana kama mtu amelipangusa gari kwa mkono wenye ugali. Nikairudisha pia.

"Huyu anachagua waksi ama anachagua bibi?" mmoja wa benchi akauliza.

Nilikuwa nimeona mkebe bapa nyuma ya mwenye duka, waksi ya manjano, ngumu kama sabuni ya kipande. Hiyo inataka kupakwa nyembamba na kusuguliwa kwa nguvu, lakini ikishakaa, vumbi linateleza. Upande wa dawa ya kusugua nilichagua ile laini. Ile ya chengachenga inafaa rangi iliyopigwa juzi, ambayo bado ni nene. Rangi ya miaka kumi na minne ukiisugua na chengachenga, kwenye kingo utafika chini na kukuta bati linakutazama.

"Umechagua zile zinauma mkono," mama yule akasema.

"Ndiyo."

"Haya. Mkono ni wako."

Kulikuwa na jambo la maji. Maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi, na yakikauka juu ya rangi ya kijani yanaacha duara nyeupe kila tone lilipokuwa. Mama alikuwa na pipa la maji ya mvua aliyoyatunza kwa kupikia maharagwe, kwa sababu maharagwe yetu hayaivi kwa maji ya kisima. Aliniangalia, akaangalia gari, akanipimia ndoo mbili.

"Kesho mtakula mawe," alisema.

Nililiosha, nikalikausha, baba akalisogeza kwenye kivuli cha ukuta. Nikaanza na nusu ya boneti. Nilipaka dawa kidogo kwenye kipande cha fulana kuukuu, nikasugua kwa kuzungusha, pole pole. Baada ya dakika chache kitambaa kilikuwa kijani kitupu. Nikakigeuza, upande wa pili nao ukawa kijani. Hapo ndipo baba alipotoka nyumbani.

"Simama! Simama hapo!" Alinyakua kitambaa akakikunjua juani. "Hii ni nini? Unamaliza rangi ya serikali! Wataniuliza imeenda wapi, nitasema iko kwa fulana?"

Jirani alitokeza kichwa juu ya ua. "Mzee, mwache amalize. Mtapata gari la bati."

Kwenye gereji tajiri wangu ndiye angejibu. Pale sikuwa na tajiri. Nilimshika baba mkono, nikauweka upande wa boneti ambao sikuwa nimeugusa, nikauvuta mpaka mwisho. Kisha nikamgeuzia kiganja aone.

"Huu unga ni rangi iliyokufa, baba. Jua limeiua. Iliyo hai iko chini yake." Nikaupeleka mkono wake upande niliokwisha kusugua. Ulipita kama kwenye glasi, ukatoka safi.

Alikitazama kiganja chake. "Na hiyo iliyo hai ikiisha?"

"Najua pa kuachia."

Alileta kigoda akakaa karibu na bampa. Hakuamini kabisa. Kila nilipokaa mahali pamoja zaidi ya alivyopenda alisema, "Hapo pametosha," na mimi nikaendelea mpaka nilipojua mwenyewe kwamba pametosha. Kwenye maandishi ya mlango sikupeleka dawa. Nilizunguka kila herufi kwa kijiti cha kiberiti nilichokifunga kitambaa. Kufuta herufi moja ya serikali kungekuwa kosa kweli, na hapo mimi na baba tulikubaliana bila kusema.

Jumapili baada ya kanisa nilipaka waksi, sehemu ndogo kwa sehemu ndogo. Nikipitisha kidole kikapita kikavu, napangusa. Alasiri ilipofika jirani alikuja kufunga tai yake mbele ya mlango wa dereva. Baba alilizunguka gari mara mbili, kisha akaleta shuka ili alifunike. Nikamkataza, shuka lingekwaruza. Akalirudisha shuka ndani kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

Jumatatu tulikwenda wote wawili. Vumbi lilikuwapo, lakini karibu na geti la Kajiado baba alisimama, nikapitisha kitambaa kikavu, likaondoka lote. Askari wa geti alikuwa Mmaasai aliyezoeana na baba siku nyingi, wakaamkiana Kimaasai.

"Supa, mzee!"

"Ipa."

"Hii gari mpya umetoa wapi?"

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hakucheka muda mrefu. Afisa wa magari, kijana mwenye faili kwapani, alitoka ofisini, akasimama hatua kumi kutoka kwetu, akalitazama gari kwa muda.

"Mzee, nani alikuruhusu kupiga gari ya serikali rangi?"

"Haijapigwa rangi."

"Mimi niko na macho, mzee. Barua ya ruhusa iko wapi? Ilipigwa kwa gereji gani? Rangi ya serikali haipigwi nyumbani."

"Imesuguliwa tu. Huyu kijana wangu ndiye..."

"Kusugua ndiyo kulete hii?" Akafungua faili akaanza kuandika.

Madereva walikuwa wameanza kukusanyika. Baba alivua kofia yake. Niliona waziwazi nilichokuwa nimefanya. Kama ningemwacha na mafuta yake ya taa wangemlaumu kwa rangi kufifia. Sasa wangeandika kwamba amevunja sheria siku yake ya mwisho. Nilitaka kueleza, na kama kawaida yangu maneno hayakuja. Lakini kando ya ua palikuwa na gari jingine kama letu, umri mmoja, kijani kimoja, jeupe kama jivu. Nilitoa mikebe ya dawa na waksi niliyoibeba chini ya kiti, nikalielekea.

"Wewe! Unaenda wapi na hivyo vitu?"

Sikusimama. Nilisugua sehemu ya boneti yake, upana wa sahani. Kitambaa kilipokuwa kijani nilikiinua juu ili wote waone, nikaendelea. Nikapangusa. Nikapaka waksi, nikangoja ikauke. Nikapangusa tena, nikarudi nyuma hatua moja.

Afisa alikuja akainama. Alitazama ile sahani ya kijani, akageuka akatazama gari la baba, akarudi kwenye sahani. Akaikwaruza kwa ukucha.

"Ni ile ile," dereva mmoja akasema nyuma yetu. "Haki ya Mungu, ni ile ile."

"Ilikuwa hapa chini?" afisa akaniuliza.

"Ilikuwa hapa," nikasema. "Siku zote."

Alifungua faili tena, akapiga mistari miwili juu ya alichokuwa ameandika, akatia sahihi pembeni. Kisha akasoma kwa sauti, akitia alama: kioo sawa, mikeka sawa, breki sawa. Akafika kwenye rangi akainua kalamu.

"Hapa niandike nini, mzee?"

Baba alivaa kofia yake, akaiweka vizuri. "Andika ile unaona."

Akaandika "nzuri sana." Baba alimwomba asome mara ya pili, kwa sauti, kwa sababu kuna wenzake waliokuwa mbali. Akasoma. Ndipo baba akampa ufunguo.

Tulikuwa tukiliacha geti nyuma yetu tulipomsikia dereva wa lile gari jingine akitoka kwenye kibanda cha chai.

"Nani ameweka kiraka kwa gari yangu? Kijana! Wewe, kijana! Utaniachia gari hivi, iko na upele wa kung'aa? Rudi umalizie!"

"Kesho," baba alimjibu bila kugeuka. "Leo huyu ni wangu."

Nilirudi kesho yake, peke yangu. Boneti ile ilinichukua mpaka saa saba mchana.