Samaki wa Mwalimu Kagure

Siku Ngari alipomwona Kagure mara ya kwanza, alidhani ni mtu aliyepoteza pete. Alikuwa amesimama katikati ya kijito cha Kamuringa, amevaa gambuti zilizomzidi mguu, ameinama, anachokora mawe kwa kisigino huku ameshika wavu mbele yake. Ngari alikuwa ameshuka kukata nepia, majani ya ng'ombe. Alikuwa mtu wa haya, mtu ambaye hata kwenye maziko ya jirani husimama kule nyuma kwenye migomba. Akajikunyata ndani ya nepia, asubiri mgeni aondoke.

"Baba, wewe uliyejificha," yule mwanamke akasema bila kuinua kichwa, "ukikaa hapo sana ng'ombe wako atalala njaa. Njoo unishikie wavu."

Ngari akatoka na panga lake, masikio yanamwaka. Ndani ya wavu alionyeshwa kidudu chembamba chenye mikia mitatu, kinajinyonganyonga juu ya jani bovu.

"Ukimwona huyu, jua maji ni mazima," Kagure alisema. "Kule chini kwenye mashamba ya mishiri nimegeuza mawe mpaka mgongo ukakataa. Hakuna hata mmoja."

"Kwani wameenda wapi?"

"Hilo ndilo limenileta."

Kagure alizaliwa Kiritiri, kwa watu wa mbuzi na mtama. Maji ya mlimani yakifika huko yamekwisha kupita kwenye mashamba ya watu wengi. Alifundisha shule ya msingi tangu usichana wake, akazika mume, akalea watoto wakaenda zao. Wenzake walipoanza kuzungumzia kustaafu, yeye aliuza mbuzi akaingia chuoni Nchiru. Alipanga chumba katikati ya vijana waliomwita mathe na kuazima sufuria zake bila kuzirudisha. Walipomuuliza mtu mzima anatafuta nini darasani, alicheka tu. Ngari, ambaye sasa alimwita Baba Njue kwa jina la mwanawe, ndiye aliyeambiwa, labda kwa sababu hakuuliza.

"Nilipokuwa mtoto, vyura wa mtoni kwetu walikuwa wanatunyima usingizi," alimwambia wakiwa wamekaa ukingoni, wanakula ndizi za kuchoma. "Mwaka fulani nikaenda kulala kwa mama. Kimya. Nikamuuliza vyura wako wapi, akaniambia hata yeye hakumbuki walinyamaza lini. Baba Njue, kitu kinakufa na hakuna mtu wa kukililia."

Kazi yake ilikuwa hivi. Juu, karibu na kwa Ngari, pale kijito kinapotoka msituni, aliweka kizimba cha wavu chenye samaki wadogo. Chini ya mashamba ya nyanya na ya mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa nje, ambako watu wakimaliza kupiga dawa huosha pampu zao mtoni, aliweka kizimba kingine kama hicho, na samaki wa ukoo uleule. Wa juu wakiishi na wa chini wakifa, hakuna mtu ambaye angeweza kubisha tena. Angeyapeleka hayo kwenye mkutano wa watumiaji maji, na kule chuoni, ambako alikuwa amepewa msimu huo mmoja tu. Ukipita bila matokeo, masomo yake yamekwisha.

Mwenyekiti wa watumiaji maji alikuwa Gitari, naye ndiye mwenye mishiri mingi kuliko wote. Alimpungia Kagure mkono kutoka ng'ambo.

"Mwalimu! Samaki wako wameshajua kusoma?"

"Wanajifunza jina lako, mwenyekiti!" Kagure akamjibu, na wafanyakazi waliokuwa wanachuma wakaangua kicheko mpaka Gitari mwenyewe akacheka.

Ngari aliachiwa kizimba cha juu akilinde na watoto na fisi maji. Kagure alimwonya: "Usiwape chochote. Wakionja chakula chetu, sitajua kilichowapata kimetoka mtoni au kwetu." Ngari aliitikia. Nyumbani, kwa vile maneno kwake yalikuwa kitu cha kutolewa kidogo kidogo, alimwambia mama yake hivi tu: "Samaki wa mwalimu wasiguswe."

Mama yake, Ruguru, alikuwa mzee aliyenyooka kwa tabia ingawa mgongo ulishapinda. Katika boma lake mgeni hakupita bila kula. Hata fundi aliyekuja kudai spana yake alipewa githeri ya mahindi na maharagwe kwanza. Punda wa muuza makaa akifungwa langoni kwake, alipelekewa maganda. Kagure mwenyewe alikuwa amekula pale mara nyingi, na kila akitaka kuondoka mzee alimwuliza, "Umekula nini sasa? Umeonja tu."

Wiki ile watu walipiga dawa kwa wingi, kwa sababu mvua ilikuwa imeleta wadudu kwenye mishiri. Asubuhi Kagure alishuka kwenye kizimba cha chini, akawakuta samaki wote wamegeuza matumbo juu. Hakufurahi, lakini alikuwa amejiandaa. Akapanda mlima haraka mpaka kwa Ngari. Wakateremka pamoja hadi kizimba cha juu.

Nao walikuwa wamekufa. Wote.

Kagure aliingia majini na viatu vyake vya kawaida. Akachota samaki mmoja, akamweka kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu.

Habari ilimfikia Gitari kabla ya mchana. Kwenye mkutano wa alasiri hiyo alisimama ameshika kofia. "Mwalimu wetu ni mtu mzuri, hatumkatai. Lakini hata kule msituni wamekufa. Huko nani alipiga dawa? Ndovu?" Watu walicheka. Mkutano ukaendelea na mambo ya mabomba.

Jioni hiyo Ngari alimkuta mama yake mlangoni mwa ghala, anapepeta mahindi. Vumbi jeupe lilikuwa limemshika hadi kwenye nyusi. Ni ile dawa ya kuua wadudu aina ya dumuzi, ambayo Ngari mwenyewe alikuwa ameichanganya na mahindi baada ya mavuno. Chenga zilizobaki kwenye ungo alizimimina kwenye kopo.

"Hizo za kuku?" Ngari aliuliza.

"Kuku wana zao. Hizi ni za wale wageni wa mtoni. Nimewapelekea jana na juzi, ungeona walivyozipigania. Mwalimu amewaleta kwetu, halafu tuwalaze njaa? Kesho asije akasema kwa mama Ngari kuna uchoyo."

Mzee hakuwa amewagusa. Alikuwa amewalisha tu. Ngari alichukua kopo mkononi mwa mama yake taratibu, akasema atapeleka yeye, akaenda kulifukia nyuma ya choo.

Angenyamaza, hakuna mtu ambaye angejua. Lakini Kagure angeondoka akiamini kwamba hata maji ya msituni yameoza. Jua lilipochomoza Ngari alikwenda hadi chumba ambacho Kagure alikuwa amepanga pale sokoni kwa msimu huo. Akasimama mlangoni, akayasema yote huku anatazama kitasa.

Kagure alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Kwa hiyo maji ya juu ni mazima," alisema mwishowe.

"Ni mazima, mwalimu. Lakini hao watu wa chuo..."

"Nitawaambia ukweli, kwamba jaribio limeharibika. Samaki wengine siwezi kupata, na msimu umekwisha." Akajipangusa kwa kanga. "Twende nikamuage mama."

Ruguru aliwaandalia githeri. Kagure alitazama sahani kwa muda, kisha akala, akamaliza.

"Na samaki wako, mwalimu?" mzee aliuliza. "Walinenepa?"

"Waliondoka wameshiba, mama."

"Ah! Si nilijua."

Tangu hapo Ngari hajamwona tena. Alisikia kwa mnunuzi mmoja wa mbuzi kwamba yuko kwao Kiritiri, anafundisha watoto wadogo kanisani. Simu yake haipatikani. Pampu bado zinaoshwa palepale. Ngari akishuka kukata nepia hugeuza jiwe moja, akamtafuta yule wa mikia mitatu, akalirudisha jiwe kama lilivyokuwa.

Siku ile ya kuagana alimbebea wavu na gambuti mpaka barabarani. Gari lilipotokea kwenye kona, Kagure alimshika mkono, akamsogelea ili asisikiwe na waliokuwa wanasubiri.

"Mama asijue kamwe," alisema. "Na yale mahindi, Baba Njue, yaosheni vizuri kabla ya kupika."